Mama Dirisha, Mtu wa Kuulizwa

Kabla sijasimulia habari zake, niseme wazi: mfumo wa kufuatilia vifaa niliuleta mimi, na ukinirudisha nyuma leo nitauleta tena. Wapo wanaomkumbuka Mama Dirisha huku wakiitupia tableti jicho baya, kana kwamba ndiyo iliyomkosea adabu. Mimi simo. Mimi ni muuguzi msimamizi wa idara ya dharura, na mtu akiletwa kwangu hapumui, sina nafasi ya kulilia mambo ya zamani.

Lakini yule mama ameniachia pengo. Hilo nalo nalisema mapema, ili msije mkadhani nina moyo wa bati.

Stoo ya vifaa ya idara yetu iko mwisho wa korido, mkabala na chumba cha kufunga vidonda. Mlango wake ni wa chuma na hufungwa muda wote. Kilichokuwa kikifunguliwa ni dirisha tu, dogo, lenye kibao cha mbao kwa mbele ambacho rangi yake ilishaliwa na viwiko vya watu. Nyuma ya dirisha hilo alikaa mama mwenye mwili wake, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikuwa na jina lake la kwenye kitambulisho, ila nadhani hata waliomlipa mshahara walishalisahau. Ukitaka mashine ya kunyonya makohozi, kipima presha, stendi ya dripu au mtungi wa oksijeni wa magurudumu, uliinamisha kichwa pale dirishani ukauliza, "Mama, ile iko wapi?" Naye alijua "ile" ni ipi kwa kuangalia tu ulivyokuja mbio.

"Iko wodi ya watoto. Waliiazima jana, na wale watu kurudisha kitu hawajui. Waambie nimesema mimi. Na wewe mbona umekonda hivyo? Yule bwana hakupi hata nafasi ya kula?"

Ndivyo alivyojibu watu wote. Ulikwenda na swali moja ukarudi na mawili, na la pili ulilala nalo. Alijua nani kachumbiwa, nani kaachwa, nani anatafuta chumba cha kupanga, na nani anasema anaumwa mgongo kumbe anaikimbia zamu. Mume wangu mwenyewe nilionyeshwa pale dirishani. Alikuwa kaleta mitungi ya oksijeni, Mama Dirisha akanikonyeza, basi. Sijawahi kuamua kama nimshukuru au nimdai. Inategemea mume kaamkaje.

Tatizo ni kwamba mara nyingi alikosea, na watu siku hizi hulisahau hilo. Haikuwa kosa lake. Vifaa vya dharura vina miguu. Mgonjwa anapandishwa wodini na mtungi wake, mtungi haurudi. Muuguzi anapata kipima oksijeni cha kidoleni ambacho kinafanya kazi, anakificha nyuma ya mashuka ili akija kesho akikute. Tulikuwa tunaficha sote, tusidanganyane. Kila idara niliyofanya kazi ilikuwa hivyo: kifaa kizima kimefichwa na mtu mwema mwenye nia njema, kibovu ndicho kimekaa mezani kinakutazama. Kichwa cha mtu mmoja kingeweza vipi kuufuata mchezo huo wa kujificha, zamu baada ya zamu?

Kuna siku aliletwa mzee aliyepaliwa na chakula. Mashine ya kunyonya haikuwa mahali pake. Mama Dirisha akasema iko wodi ya wanaume, tukaenda, hakuna. Akasema basi itakuwa kule kwa wajawazito, tukaenda, hakuna. Watu wazima na akili zetu tulitawanyika korido nzima roho juu, huku daktari amempinda mzee wa watu anampiga mgongoni. Mzee alipona kwa mikono ya daktari. Mashine tulikuja kuikuta kwa fundi wa vifaa, imekaa inasubiri waya. Nilikaa sakafuni, nikala kiapo kwamba sitakimbia hivyo tena.

Nikaanza kuisumbua ofisi. Niliisumbua mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanafunga mlango. Mwisho wakaleta mfumo, na mtu wa kuufunga, mrefu, mpole, begi mgongoni, tukamwita Bwana Mfumo. Kila kifaa kilibandikwa stika yenye mistari. Ukikihamisha, unaielekezea tableti, inalia tii, kisha unagusa jina la chumba unakokipeleka. Ukitaka kujua kiko wapi unatazama skrini: kijani kipo tayari, njano kinatumika, nyekundu ni kibovu na kiko kwa fundi. Tableti moja ilifungwa ukutani kwenye meza ya wauguzi, nyingine akapewa Mama Dirisha.

Msidhani ilimshinda. Aliishika upesi kuliko wengi wetu. Wiki ya kwanza sisi wauguzi tulibandika stika kwenye mifuko ya vipima presha badala ya vipima presha vyenyewe, ikawa tunajua kwa uhakika kabisa mifuko mitupu iko wapi. Bwana Mfumo alitaka kulia. Mama Dirisha alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakaa naye kuzibandua zote na kuzibandika upya, akivisemesha vifaa: "Na wewe geuka huku, usinichoshe."

Haukupita muda tukaacha kukimbia. Mtu anaingia, unatupa jicho ukutani, unakwenda moja kwa moja, unakuta kitu kipo. Nilitembea kwenye ile korido kifua mbele. Wageni wakaja kutoka hospitali nyingine kutazama, nikawaonyesha kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya.

Na dirisha likanyamaza.

Hakuna aliyeamua liwe hivyo. Ni kwamba hakukuwa na sababu ya kwenda. Mwanzoni Mama Dirisha alifurahia, akasema masikio yake yamepata likizo. Halafu akaanza kutoka mwenyewe. Tunaona mlango wa chuma umefunguka, huyo anakuja taratibu mpaka kwenye meza yetu, anavaa miwani, anaitazama tableti ya ukutani kana kwamba ya kwake imeharibika.

"Hakuna anayetafuta kitu?"

"Hakuna, mama."

"Hata kidogo?"

Tukacheka. Akasema, "Haya, mmepona ugonjwa wa kuniuliza." Tukacheka zaidi, naye akacheka, ila alianza nyuma yetu.

Mchana mmoja nilimkuta anakula chakula chake pale dirishani. Mtu wa kawaida akila hugeukia ukutani asionekane. Yeye aligeukia korido, dirisha wazi, bakuli juu ya kibao, akisalimiana na kila apitaye. Miguu ilikuwa inaniuma, nikaegemea pale. Akaanza kuongea bila mimi kumuuliza.

"Marehemu alikuwa hajui soksi zake ziko wapi." Marehemu ni mumewe, aliyekuwa dereva wa gari letu la wagonjwa. "Mtu mzima, anajua kila kichochoro, umwambie nyumba ya nani atakufikisha mlangoni gizani. Soksi hajui. Kila asubuhi, 'Mke wangu, soksi?' Droo ileile, miaka yote! Nilikuwa nakasirika, Sista. Namwambia, siku nikifa utakwenda kazini miguu mitupu."

Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio.

"Sasa naamka peke yangu. Kila kitu najua kiko wapi. Chumvi, kiberiti, pasi. Nyumba nzima hakuna wa kuniuliza. Binti yangu ananipigia Jumapili, ananiambia, 'Mama, hujambo?' Namwambia sijambo. Hujambo si swali, mwanangu."

Mimi nikamwambia atulie, anakaribia kustaafu, atapumzika. Akafunika bakuli lake, akasema chakula kimepoa.

Baada ya hapo vifaa vikaanza kupotea.

Si vyote. Skrini inasema kipima sukari kiko chumba cha kufunga vidonda, kijani, unakwenda, hakipo. Skrini inasema stendi ya dripu ya ziada iko chumba cha uangalizi. Unakwenda, unakuta pembe tupu. Unarudi unajikuna kichwa, na aliye karibu anakwambia, "Hebu muulize Mama Dirisha." Unakwenda. Anakusikiliza, anavaa miwani, anasema, "Hebu ngoja kwanza," anapotea kule ndani, anarudi nacho mkononi.

"Kilikuwa wapi, mama?"

"Nyuma huko. Huo mfumo wenu unasinzia, mwanangu. Haya, niambie, yule mdogo wako amepata kazi?"

Ghafla korido ikachangamka. Viwiko vikarudi kwenye kibao. Ungemwona! Alianza kuja na mitandio ya rangi ambayo sikuwahi kuijua, na sauti yake ikarudi kutoka nje mpaka kwenye machela. Wauguzi wakawa wanasema mfumo unadanganya, bora mtu. Mimi damu ikanichemka. Nikampigia Bwana Mfumo nikamwambia maneno ambayo mama yake asingeyapenda. Alikuja, akafungua kompyuta yake, akapekua, akasema kwa upole kwamba mfumo hauna kosa. Vifaa vinahamishwa na mtu asiyeelekeza tableti, basi. Nikawakusanya wauguzi nikawafokea wote, mmoja mmoja na kwa jumla. Mama Dirisha alikuwa amesimama nyuma yao, akitikisa kichwa kunikubalia.

Halafu ikaja ile siku ya fundi cherehani.

Aliletwa mchana na binti yake, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni. Pumu ilikuwa imembana, anavuta hewa mabega juu, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Hawezi kumaliza neno. Tuna mashine mbili za mvuke, zile za kumpulizia mgonjwa dawa kwenye barakoa. Moja ilikuwa nyekundu, fundi aliichukua asubuhi ileile. Ya pili skrini ilisema ipo chumba cha kufunga vidonda, kijani safi.

Nilikwenda mwenyewe. Haikuwepo.

Nilifungua makabati, nikainama chini ya meza, nikavuta mapazia. Nikapiga kelele, "Muulizeni Mama Dirisha!" Mtu akanijibu kutoka korido kwamba dirisha limefungwa. Mama Dirisha ameitwa utumishi kusaini karatasi za kustaafu, kaondoka na ufunguo wake. Kule ndani daktari alishamwekea mgonjwa oksijeni, anampulizia dawa ya pumu kupitia chupa ya plastiki, na yule binti anamkumbatia mama yake miguu anasema, "Mama, vuta, mama, vuta." Niliisikia sauti ile mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nakimbia tena. Baada ya stika zote zile na wageni wote wale, nilikuwa nakimbia tena korido ileile.

Nikamwamuru mlinzi avunje kufuli ya stoo.

Mashine ilikuwa juu ya kiti cha Mama Dirisha. Alikuwa ameifunika kwa mtandio wake. Mpira wake umekunjwa vizuri, barakoa iko kwenye mfuko safi, hakuna hata vumbi. Kando yake, kwenye rafu, kulikuwa na kipima sukari na stendi mbili, navyo vimefutwa vikang'aa, vinasubiri kuulizwa. Sikuhitaji Bwana Mfumo anieleze.

Mgonjwa alipata dawa yake. Kifua kikaanza kufunguka kidogo kidogo, midomo ikarudi, na jambo la kwanza alilosema ni kuuliza futi yake imekwenda wapi. Binti yake akacheka huku analia. Mimi nikatoka, nikaenda stoo, nikakaa kwenye kiti cha Mama Dirisha, nikamngoja.

Alikuja na bahasha mkononi. Akaiona kufuli chini. Akaniona mimi, akauona mtandio wake mapajani mwangu. Hakujitia hamnazo, hilo nampa.

"Nani alikuwa anaihitaji?" akauliza.

"Mwanamke wa pumu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akashika kibao cha dirisha. Bahasha ikamponyoka, hakuiokota.

"Nilijua kuna ya pili," akasema. "Vya chumba cha wagonjwa mahututi sijawahi kuvigusa, Sista. Hata kimoja. Nilijua ya pili ipo."

"Ya pili imeharibika asubuhi. Iko kwenye skrini. Nyekundu. Ulitazama?"

Akaitazama kufuli pale chini.

"Kwa nini, mama?" Nilikuwa napiga kelele, sioni haya kusema. "Kwa nini umeificha?"

"Ili mje," akasema.

Basi. Nilikuwa nimeandaa matusi yote ninayoyajua, sikutoa hata moja. Nikaunyosha mtandio nikampa, nikamwomba ufunguo. Aliutoa kwenye kamba ya miwani.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa hospitali nikamweleza, na jina lake nikalitaja. Wapo waliosema ningemfichia, maana alikuwa amebakiza muda mchache tu, na kwani mgonjwa si alipona? Niliwaambia waende wakamuulize yule binti aliyekuwa anasema mama vuta. Nilimpenda Mama Dirisha kuliko wote waliokuwa wananipa ushauri huo, na bado nilimtaja. Mafao yake hayakuguswa; hilo nililipigania mlangoni kwa mkuu mpaka akachoka na mimi. Ila stoo hakurudi. Aliambiwa akae nyumbani mpaka tarehe yake ya kustaafu ifike. Hakuagwa. Hakuna keki wala hotuba, na ile sauti ikatoka getini kimyakimya, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Ofisi ikaona hakuna haja ya kuweka mtu mwingine. Dirisha likapigiwa ubao kwa ndani. Tangu hapo hakijapotea kitu, na kila kinachosemwa na skrini ndicho kilichopo. Ndicho nilichokitaka, na nimekipata. Lakini nikipita pale kichwa changu kinainama chenyewe, kwa mazoea, kinakutana na ubao. Siku nyingine nasimama kabisa. Natamani mtu aniambie nimekonda. Nina wauguzi, nina madaktari, nina mume aliyeletwa na mitungi, na hakuna hata mmoja anayeniuliza lile swali la pili.

Alasiri moja idara ilikuwa imetulia, vitanda viwili tu vina watu. Nilikuwa mbele ya tableti ya ukutani. Kijani juu mpaka chini, ukiondoa njano moja. Nikachukua simu nikampigia. Iliita mpaka nikadhani hatapokea, na nikadhani anayo haki.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Sista."

Sikujua nianzie wapi. Samahani haikuwepo mdomoni, kwa sababu sikuwa na ya kuomba, na yeye angeijua ya uongo hata kwa simu. Nikatazama skrini.

"Mama, mashine kubwa ya kunyonya iko wapi?"

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia redio ikizimwa.

"Sista, uko wapi wewe sasa hivi?"

"Mezani kwetu."

"Basi si iko hapo mbele ya macho yako, imeandikwa."

"Ndiyo, mama. Imeandikwa."

Nilidhani amekata. Kisha akakohoa, akasafisha koo kama zamani alipokuwa anataka kusikika mpaka kwenye machela.

"Iko wodi ya watoto," akasema. "Wale hawarudishi kitu. Haya, niulize kingine."

Kwenye skrini ilikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, hatua chache kutoka nilipokuwa. Wodi ya watoto wana ya kwao siku hizi. Nikavuta kiti, nikaisogeza orodha mpaka juu kabisa, nikaanza kumuuliza kimoja kimoja. Vitu vilishahama mno tangu aondoke; karibu vyote alikosea. Na kwa kila jibu nilimwambia, "Asante, mama, ngoja nikakichukue."